Jicho Lililoinama: Historia ya Kasoro ya Jicho la Arowana wa Asia katika Matangi ya Kioo

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya hali inayowapata samaki wakubwa wawindaji wanaofugwa katika matangi ya kioo, hususani arowana wa Asia, ambapo jicho moja au yote mawili huelekea chini na kushindwa kurejea mahali pake pa kawaida. Hoja kuu ni kwamba hali hii haikugeuka kuwa “ugonjwa” kwa sababu ya madhara yake kwa samaki pekee. Iligeuka kuwa ugonjwa pale ambapo ukuta wa kioo, sheria ya biashara ya viumbe adimu na soko la urembo vilipokutana. Makala inafuatilia hatua hizo, inapima maelezo yanayotolewa kuhusu chanzo chake, na inaonyesha kwamba mahali anaposimama mtazamaji ni sehemu ya ushahidi na lazima pazingatiwe kabla ya hukumu yoyote kutolewa.

1.0 Utangulizi

Wafugaji wa samaki wa mapambo katika Asia ya Kusini-Mashariki wanaifahamu vyema hali ambayo katika makala hii itaitwa jicho lililoinama. Mboni ya jicho la samaki, ambayo kwa kawaida hutazama pembeni na juu kidogo, huanza kuelekea chini. Mara nyingi jicho moja hutangulia, na la pili likafuata au lisifuate. Samaki huendelea kula, kuogelea na kukua. Jicho halitoi usaha, halivimbi kwa ghafla, wala halifuniki na ukungu. Hata hivyo, samaki aliyekuwa na thamani kubwa sokoni hupoteza sehemu kubwa ya bei yake kwa sababu ya mwelekeo huo tu.

Swali linaloongoza makala hii ni la kihistoria: ni kwa njia gani mwelekeo wa jicho la samaki uligeuka kuwa kasoro yenye jina, bei na tiba? Swali hili si dogo kama linavyoweza kudhaniwa. Arowana wa Asia ni miongoni mwa spishi zinazolindwa kwa mkataba wa kimataifa, na wengi wa arowana wanaouzwa leo huzaliwa mashambani. Ikiwa maisha ya tangini yanaharibu jicho la mnyama huyu, basi ufugaji unaotajwa kuwa njia ya kumwokoa una gharama ambayo haijahesabiwa. Ikiwa hayaliharibu, basi kumkata samaki ili kulinyanyua jicho lake ni kumwumiza bila faida yoyote kwake. Katika hali zote mbili kuna kiumbe hai anayelipa, na ndiyo maana historia ya fikra kuhusu jicho hili inastahili kuchunguzwa kwa makini.

Makala inaanza na samaki mwenyewe kabla ya kuingizwa tangini, inapita katika historia ya kioo na ya sheria, kisha inapima maelezo ya chanzo na tiba ya upasuaji. Mwishoni inalinganisha suala hili na lile la mtoto wa jicho kwa samaki aina ya salmoni.

2.0 Samaki na Jicho Lake Kabla ya Tangi

Arowana wa Asia, ambaye jina lake la kisayansi ni Scleropages formosus, alielezwa kitaalamu na Salomon Müller na Hermann Schlegel katika miaka ya 1840, kutokana na samaki waliopatikana Borneo. Makazi yake ya asili ni mito ya polepole, vinamasi na maziwa ya misitu katika Rasi ya Malay, Sumatra na Borneo, ambako maji mara nyingi huwa meusi kama chai kutokana na majani yanayooza. Wamalaysia humwita kelisa, na Wachina humwita kwa jina lenye maana ya samaki-joka, kwa sababu ya magamba yake makubwa na sharubu mbili zinazochomoza kwenye kidevu. Huweza kufikia urefu wa takribani sentimita 90. Dume ndiye anayelea mayai na vifaranga, akivihifadhi kinywani mwake kwa wiki kadhaa.

Jamaa ya samaki huyu ni ya kale na imetawanyika mbali. Katika mito ya Amazoni yupo arowana wa fedha, na Australia ina spishi mbili za Scleropages. Afrika inaye Heterotis niloticus, anayepatikana katika Nile, Chad, Niger na Senegal, ingawa huyu si mwindaji bali huchuja chakula kidogokidogo majini. Tanzania nayo ina nafasi katika historia hii ndefu. Mwaka 1967, P. H. Greenwood na Colin Patterson walieleza mabaki ya samaki aliyegeuka mawe kutoka Mahenge, Singida, wakampa jina Singidida jacksonoides. Mabaki hayo ya zama za Eosini, yenye umri wa takribani miaka milioni 46, yalihifadhiwa katika matope ya ziwa dogo lililojaa ndani ya kasoko, na yanahusishwa na ukoo huo wa samaki wenye ulimi wa mfupa. Hata hivyo mabaki ya mifupa yana mpaka wake kama shahidi. Huonyesha tundu la jicho lilikuwa wapi, lakini hayawezi kuonyesha jicho lenyewe lilielekea wapi. Mpaka huo unalihusu pia jicho la samaki aliyehifadhiwa katika pombe kali kwenye rafu ya makumbusho, kwa kuwa misuli iliyokufa haishiki jicho kama misuli hai.

Umbo la arowana hueleza kazi ya jicho lake. Mgongo wake umenyooka, kinywa kinafunguka kuelekea juu, na macho yamekaa karibu na paji. Huyu ni mwindaji wa uso wa maji. Chakula chake ni wadudu wanaoanguka kutoka matawini, samaki wadogo, na wakati mwingine viumbe walio juu ya maji ambao huwarukia. Lenzi ya jicho la samaki ni mviringo kamili kama gololi, tofauti na lenzi bapa ya binadamu. Ludwig Matthiessen, katika miaka ya 1880, alibainisha kwamba umbali kutoka kitovu cha lenzi hiyo hadi mahali taswira inapokusanyika ni takribani mara 2.55 ya nusukipenyo chake. Samaki hulenga taswira kwa kuisogeza lenzi mbele na nyuma badala ya kuibadilisha umbo. Jicho lenyewe huzungushwa na misuli sita ya nje.

Waswahili husema macho hayana pazia. Kwa arowana msemo huu ni kweli kwa maana ya moja kwa moja: hana kope za kufumba. Chochote kilicho mbele ya jicho lake, mchana au chini ya taa, kinaingia. Jambo hili litakuwa na umuhimu tutakapojadili mazingira ya tangi.

3.0 Kioo na Mabadiliko ya Mahali pa Kutazamia

Ufugaji wa samaki kwa ajili ya kuwatazama ulitangulia kioo kwa karne nyingi. Nchini China, samaki wa dhahabu walifugwa katika mabwawa tangu enzi ya nasaba ya Song, yaani kati ya mwaka 960 na 1279, na baadaye katika vyungu na mitungi mipana. Katika vyombo hivyo, mtazamaji alisimama juu ya samaki. Alichokiona ni mgongo, mkia uliotandazwa, na macho yanayochomoza pande mbili za kichwa. Si ajabu basi kwamba miongoni mwa aina zilizozalishwa kwa uteuzi wa vizazi vingi ni samaki wenye macho makubwa yaliyotokeza nje, na wengine ambao macho yao yamegeukia juu moja kwa moja, wanaoitwa watazama-mbingu. Kwa samaki hawa, jicho lililogeuka kutoka mahali pake pa asili halikuwa kasoro. Lilikuwa ndilo lengo la mfugaji na sababu ya bei.

Katikati ya karne ya 19 mahali pa kutazamia palibadilika. Robert Warington alieleza mwaka 1850 majaribio yake ya kuweka samaki, konokono na mimea katika chombo kimoja ili maji yabaki safi. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la samaki kwa umma, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu chake kuhusu tangi la viumbe wa majini. Tangu hapo mtazamaji alishuka kutoka juu ya maji akasimama mbele yake. Samaki akawa picha ya ubavu: mdomo upande mmoja, mkia upande mwingine, na jicho moja katikati ya uso unaomwelekea mgeni.

Mabadiliko haya yalichukua muda kuwafikia samaki wakubwa. Matangi ya awali yalihitaji fremu za chuma na simenti ya kuunganishia, na ukubwa wake ulikuwa na kikomo. Gundi ya silikoni, iliyoanza kutumika kuunganisha vioo kuanzia miaka ya 1960, iliwezesha kujengwa kwa matangi mapana yasiyo na fremu ambayo mtu binafsi angeweza kuyaweka sebuleni. Ndipo samaki mwindaji mwenye urefu wa karibu mita moja alipoweza kuishi miaka mingi katika kimo kilekile cha macho ya watu wanaokaa kitini, au juu zaidi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya jamaa yake, arowana alikuwa na watu, wanyama wa nyumbani na mienendo ya nyumba vikipita kando yake na chini yake kila siku. Kwa upande wa pili, watu nao walipata kuliona kwa ukaribu jicho ambalo hapo awali lilionekana tu kutoka juu, ndani ya maji meusi, au kwenye samaki aliyekwisha kufa.

4.0 Sheria, Shamba na Bei

Katika vijiji vya kandokando ya mito ya Kalimantan na Rasi ya Malay, arowana alikuwa samaki wa kuliwa kama wengine. Kupanda kwake thamani kulitokana na mambo mawili yaliyokwenda pamoja. La kwanza ni imani ya feng shui, inayohusisha mpangilio wa makazi na bahati, ambamo samaki mwekundu au wa dhahabu anayefanana na joka alichukuliwa kuwa kivutio cha heri na mali. La pili ni sheria. Mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, unaojulikana kwa kifupi kama CITES, ulitiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1975. Arowana wa Asia aliwekwa katika Kiambatisho cha Kwanza, ambacho huzuia biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini.

Sheria hii ilikuwa na nia njema, na haipaswi kulaumiwa kwa kila kilichofuata. Hata hivyo ilikuwa na matokeo mawili ambayo mwanahistoria hawezi kuyapuuza. Kwanza, ilimpa samaki cheti cha uadimu. Kilichokatazwa kilizidi kutamaniwa. Pili, iliacha mlango mmoja wazi: mashamba yaliyosajiliwa, yanayoweza kuthibitisha kwamba samaki wanazaliana kwenye mabwawa kwa zaidi ya kizazi kimoja, yaliruhusiwa kuuza nje. Kuanzia miaka ya 1990 mashamba kama hayo yalisajiliwa nchini Singapore, Indonesia na Malaysia. Kila samaki aliyeuzwa kihalali alipandikizwa chipu ndogo ya utambulisho mwilini na kupewa hati inayolingana nayo. Marekani ilibaki imefunga mlango wake kwa sheria yake yenyewe ya viumbe walio hatarini.

Hati ilithibitisha kwamba samaki ni halali, lakini haikusema kama ni mzuri. Kazi hiyo ilifanywa na soko na mashindano ya urembo, ambako samaki mmoja aliyekomaa na mwenye sifa bora aliweza kuuzwa kwa maelfu ya dola. Vigezo vikawa vya kina: rangi ya magamba na mng’ao wa kingo zake, unyoofu wa sharubu, ukamilifu wa mapezi, umbo la kichwa, mfuniko wa matamvua, na hali ya macho. Vigezo vyote hivi hupimwa kupitia ubavu wa tangi. Katika orodha hiyo, jicho lililoinama lilipata nafasi ambayo halikuwahi kuwa nayo: likawa alama inayopunguzwa, na hivyo hasara inayohesabika.

Hapa ndipo tofauti na samaki wa dhahabu inapodhihirika. Mtazama-mbingu alipata thamani kwa sababu jicho lake liligeukia alikokuwa mtazamaji, yaani juu. Arowana hupoteza thamani kwa sababu jicho lake linamwacha mtazamaji aliye pembeni na kuelekea sakafuni. Si geuko la jicho lenyewe lililohukumiwa katika historia hizi mbili. Kilichohukumiwa ni uhusiano kati ya jicho la samaki na jicho la mtu.

5.0 Maelezo Yanayoshindana

Kuhusu chanzo cha jicho lililoinama, wafugaji, wauzaji na waganga wa samaki wametoa maelezo yanayoweza kuwekwa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza linasema kwamba samaki anajizoeza kutazama chini. Tangini, chakula kinachozama huanguka hadi sakafuni, na watu hupita chini ya kimo cha samaki. Mwindaji aliyeumbwa kutafuta windo juu sasa hutafuta chini, na misuli ya jicho hufuata. Tiba zinazotokana na maelezo haya ni kulisha chakula kinachoelea, kuweka mpira unaoelea ili umvutie samaki kutazama juu, kuziba sehemu ya chini ya vioo kwa karatasi, na kuliweka tangi chini zaidi.

Kundi la pili linataja chakula. Samaki wa tangini hula mara nyingi na huogelea kidogo. Inasemekana kwamba shahamu hukusanyika nyuma ya jicho au juu yake na kulisukuma chini. Tiba yake ni kupunguza vyakula vyenye mafuta na kumpa samaki siku za kufunga.

Kundi la tatu linataja nasaba. Samaki wa shambani hutoka kwa wazazi wachache waliochaguliwa kwa rangi, na huenda uteuzi huo umebeba udhaifu wa macho pamoja na uzuri wa magamba.

Kila maelezo yana mantiki, lakini kila moja pia huelekeza lawama mahali fulani. La kwanza humlaumu mnunuzi na jinsi alivyoliweka tangi. La pili humlaumu mlishaji. La tatu humlaumu mzalishaji. Mtafiti anayekusanya maelezo haya hana budi kuuliza kila mara nani anazungumza, na anauza nini.

Upo ushahidi wa kifiziolojia unaoweza kusaidia. Mwaka 1935 Erich von Holst alionyesha kwamba samaki hujipanga wima kwa kulinganisha taarifa mbili: mwanga unaotoka juu, na mvuto wa dunia unaopimwa na viungo vya sikio la ndani. Mwanga ukitoka ubavuni, samaki huegemea upande huo kwa kiasi fulani. Mkao wa jicho nao huratibiwa na taarifa hizo, kwani mwili unapoinama, macho huzunguka kufidia. Kutokana na hilo ni halali kudhani kwamba tangi lenye sakafu inayoakisi taa, katika chumba chenye mwanga kutoka pande zote, humpa samaki taarifa zisizolingana na zile za mto mweusi ambamo mwanga hutoka juu peke yake. Dhana hii inafaa kujaribiwa. Lakini kati ya kuegemea kwa saa moja katika jaribio na kugeuka kwa jicho kwa miaka mingi kuna pengo, na haifai kulivuka kwa kuruka.

Hoja inayotumiwa zaidi na wafuasi wa maelezo ya kwanza ni ya mabwawa. Wanasema kwamba arowana walioko mabwawani hawana macho yaliyoinama, au wanayo kwa nadra, ilhali wenzao wa tangini wanayo mara nyingi. Wengine huongeza kwamba jicho lililoinama hupona samaki akirudishwa bwawani. Ikiwa ni kweli, hoja hii ina uzito mkubwa, kwa kuwa hulitenga tangi kama chanzo.

Hata hivyo hoja ya bwawa ina udhaifu ambao historia ya kutazama imekwisha kuufichua. Samaki wa bwawani hutazamwa kutoka juu. Kutoka juu, jicho lililoinama hufichwa na paji la samaki na kwa ung’avu wa uso wa maji, hasa katika maji ya udongo. Samaki wa tangini hutazamwa kutoka pembeni, karibu, chini ya taa, kila siku, na mtu mwenye fedha zake ndani yake. Sehemu ya tofauti inayoripotiwa kati ya bwawa na tangi inaweza basi kuwa tofauti ya mahali pa kusimama na ya bidii ya kutazama, wala si tofauti ya macho yenyewe. Samaki aliyerudishwa bwawani na kusemekana amepona huenda amepona kweli. Huenda pia amerudi mahali ambapo hakuna anayemwona.

Hili halithibitishi kwamba tangi halina hatia. Linathibitisha tu kwamba ushahidi wa kumtia mshtakiwa hatiani lazima ukusanywe kwa namna moja pande zote mbili. Jaribio linalofaa si gumu kulifikiria: vifaranga wa uzao mmoja wagawanywe kati ya bwawa, tangi lenye sakafu nyeusi na tangi tupu linaloakisi mwanga, wapewe chakula kilekile, na macho ya wote yapimwe kwa vipindi maalumu ndani ya chombo kimoja, kwa pembe moja, na mtu asiyejua kila samaki ametoka wapi. Mashamba yanayoweka kumbukumbu za kila samaki kwa chipu tayari yana nusu ya nyenzo zinazohitajika.

6.0 Kisu

Wakati mjadala wa chanzo ukiendelea, soko lilipata jibu la haraka. Katika miongo ya karibuni, wahudumu wa arowana nchini Singapore na kwingineko katika eneo hilo wamekuwa wakifanya upasuaji wa kulirudisha jicho, na vyombo vya habari vya kimataifa vimeuripoti pamoja na upasuaji mwingine wa urembo wa samaki huyu, kama vile kurekebisha mkia na taya. Samaki huwekwa katika maji yenye dawa ya usingizi hadi anyamaze. Hutolewa na kushikiliwa huku matamvua yakilindwa yasikauke. Kisha tishu zinazolizunguka jicho hulegezwa kwa koleo, shahamu iliyoko nyuma yake husukumwa au kuondolewa, na jicho huinuliwa. Kazi yote huchukua dakika chache, na samaki hurudishwa majini hadi azinduke.

Ripoti za wafugaji hutofautiana. Wengine husema jicho lilibaki mahali pake, na wengine husema liliinama tena baada ya muda. Kurudi huko, pale kunapotokea, ni ushahidi wenye thamani, kwa maana ikiwa sababu iko katika mazingira au chakula, kisu hakiiondoi.

Upasuaji huu unaibua masuala mawili. La kwanza ni la maumivu. Mwaka 2003, Lynne Sneddon na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba trauti wana vipokezi vya maumivu kichwani na usoni, na kwamba tabia yao hubadilika baada ya kudungwa kemikali inayochoma. Mjadala juu ya samaki anavyohisi maumivu haujafungwa, lakini tangu wakati huo hakuna anayeweza kuufanya uso wa samaki kuwa kitu kisicho na hisia kwa kunyamaza tu. Dawa ya usingizi huondoa sehemu ya tatizo wakati wa upasuaji wenyewe. Haiondoi jeraha linalobaki wakati dawa imekwisha.

La pili ni la faida. Tiba huhesabiwa kuwa tiba inapomsaidia mgonjwa. Kwa samaki, kipimo kingekuwa kama anaona vizuri zaidi, analenga windo kwa usahihi zaidi, au anaacha kujigonga. Katika maelezo ya soko, kipimo ni kwamba jicho sasa limenyooka likitazamwa kutoka mbele ya kioo. Huu ni upasuaji wa kurejesha bei. Aidha, mnunuzi anayefuata haambiwi lazima kwamba jicho limewahi kuinuliwa, kwa kuwa chipu husema samaki ni nani na wala haisemi amefanyiwa nini. Ikiwa nasaba ni sehemu ya chanzo, samaki aliyenyooshwa jicho anaweza kuingizwa katika uzazi, na kasoro iliyofutwa usoni ikaendelea katika vizazi.

7.0 Ulinganisho: Mtoto wa Jicho la Salmoni

Historia ya samaki mwingine mwindaji inaonyesha kwamba njia nyingine iliwezekana. Katika miaka ya 1990, mashamba ya salmoni wa Atlantiki yalikumbwa na mlipuko wa mtoto wa jicho. Wakati huohuo, kutokana na hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng’ombe, unga wa damu uliokuwa ukiwekwa katika chakula cha samaki ulikuwa umeondolewa. Unga huo ulikuwa na histidini kwa wingi, na watafiti walibaini kwamba lenzi ya salmoni huhitaji viambato vinavyotokana na histidini ili kudumisha uwiano wa maji yake, hasa samaki anapokua kwa kasi. Histidini ilipoongezwa katika chakula, ukubwa wa tatizo ulipungua.

Tofauti kati ya visa hivi viwili haiko katika werevu wa wafugaji. Iko katika namna hasara ilivyopimwa. Salmoni asiyeona hukua vibaya na hufa, hivyo mfugaji alipoteza nyama na akaulizia chakula na maji. Arowana mwenye jicho lililoinama hula na kukua, na mfugaji alipoteza sura. Palipopotea uoni, utafiti ulielekezwa ndani ya jicho. Palipopotea sura, mikono ilielekezwa usoni.

Ulinganisho huu unatoa onyo la kivitendo pia. Samaki wakubwa wawindaji wana matatizo ya macho yanayowaumiza waziwazi. Konea hupata ukungu maji yanapochafuka au inapokwaruzwa. Jicho hutokeza nje kutokana na maambukizi au gesi iliyozidi majini. Mwindaji anayeshtuka katika tangi dogo hujigonga kwenye kioo na kifuniko, na jicho lisilo na kope ndilo linalofika kwanza. Mengi ya matatizo haya hupunguzwa kwa nafasi, maji safi na utulivu. Soko linapoliweka jicho lililoinama mbele ya yote, huenda likawa linamfundisha mfugaji kutazama mwelekeo wa jicho kabla ya kutazama afya yake.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba jicho lililoinama la arowana wa Asia lina historia yenye tabaka tatu. Kioo kilimshusha mtazamaji kutoka juu ya maji hadi ubavuni mwa samaki, kikalifanya jicho kuwa kitovu cha picha. Sheria ya CITES na mashamba yaliyosajiliwa vilimpa samaki uadimu, hati na bei. Soko la urembo likaugeuza mwelekeo wa jicho kuwa hasara inayohesabika, na kisu kikaja kuifidia. Chanzo cha kibiolojia, kiwe mwanga, chakula, nasaba au mchanganyiko wake, hakiwezi kubainishwa kwa kulinganisha samaki waliotazamwa kutoka mahali tofauti.

Mapendekezo mawili yanatokana na hoja hii. Kwanza, yeyote anayeandika kuhusu macho ya samaki wanaofugwa aandike pia alisimama wapi: juu au pembeni, katika mwanga gani, na kwa muda gani. Bila taarifa hiyo, neno “mara nyingi” na neno “nadra” hayana uzito wa kisayansi. Pili, upasuaji wowote wa jicho uandikwe katika kumbukumbu za samaki mhusika, pamoja na chipu na hati yake, ili mzalishaji na mtafiti wajue wanachokizalisha na wanachokipima.

Mkataba wa mwaka 1973 ulikusudia kumlinda arowana dhidi ya biashara iliyomtoa mtoni. Kwa kiasi kikubwa samaki huyo sasa huzaliwa, huuzwa na hufa ndani ya biashara hiyohiyo. Kumlinda humo ndani kunahitaji kipimo kinachoanza na kile anachokiona yeye, kabla ya kile tunachokiona sisi tukimtazama.